Neno Moja Kituoni: Wahudumu wa Afya Wanavyojenga Kuaminiana

Karibuni tena katika kipindi chetu cha afya popote mlipo, iwe uko Kibokoni umeketi barazani na kikombe chako cha kahawa, iwe uko Kuze, Bondeni, Makadara, Ganjoni au Tudor, au umo ndani ya feri unavuka Likoni. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Juma hili sitazungumza juu ya malaria wala kisukari wala lishe ya mtoto. Nataka niwafungulie mlango mmoja ambao mgonjwa haingii, yaani mlango wa chumba cha wahudumu, muone yanayosemwa humo na yasiyosemwa, na jinsi hayo yanavyofika hadi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Huenda ukajiuliza, msikilizaji: mambo ya wafanyakazi na mkubwa wao yanihusu nini mimi? Mimi nataka dawa yangu nirudi nyumbani. Ni swali zuri. Lakini hebu kumbuka mara ya mwisho ulipokwenda kituo cha afya. Mlangoni uliambiwa uanze dirisha la kwanza. Dirisha la kwanza wakakwambia, la, anza kwa sista. Sista naye akauliza, nani aliyekwambia uje huku? Ulipotoka pale ulikuwa umeudhika, na pengine ulimwambia jirani yako kwamba watu wale wana kiburi. Mara nyingi si kiburi. Ni kwamba wale watu watatu hawajapewa neno moja, na kila mmoja anakisia. Na mtu anayekisia huwa mkali, kwa sababu anaogopa kuulizwa swali la pili.

Nitawapa mfano ambao wengi mnaukumbuka. Tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kina mama watajifungua bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, na kwamba ada za matibabu zimeondolewa kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma, kuanzia siku ile ile. Lilikuwa jambo jema, na mama wengi walilifurahia. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, niko kwenye mazoezi katika wodi ya uzazi. Habari ile sisi tuliisikia redioni kama wewe ulivyoisikia. Hakukuwa na barua mezani. Baada ya sikukuu mama mmoja akaja na mkwewe, na yule mkwe akasema kwa furaha, "Tumesikia ni bure." Karani akasema hajapata maagizo. Muuguzi mmoja akasema ni bure kweli, mwingine akasema ngojeni kwanza. Mbele ya mgonjwa! Siwezi kusahau jinsi yule sista mkubwa alivyoinamisha uso. Alikuwa na miaka mingi kazini, na habari ya kazi yake alikuwa anaipata kutoka kwa mgonjwa.

Basi ninaposema kuaminiana kazini, sisemi kupendana. Nimefanya kazi na watu ambao hatukuwa marafiki kabisa, hata chai hatukunywa pamoja, lakini ripoti yake nikiipokea asubuhi nilikuwa najua ni kweli tupu. Kuaminiana ninakokusema ni huku: ukiniambia jambo saa mbili, najua saa nne litakuwa bado ni kweli, na kama limebadilika utaniambia wewe mwenyewe kabla sijaumbuka mbele ya watu. Hilo halijengwi na mkutano mmoja wa soda na keki mwisho wa mwaka. Linajengwa kidogo kidogo, kila siku, kama mtu anavyoweka akiba.

Sasa nitawasimulia kisa ambacho kosa lilikuwa langu. Kituo sitakitaja jina, na aliyehusika ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita niliachiwa kukaimu usimamizi wa zahanati moja. Yule msimamizi niliyempokea alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, aliwakusanya watu wote kwenye ujia kwa dakika kumi. Wote, yaani wauguzi, mtu wa maabara, mtu wa dawa, karani, mfagizi, na mlinzi wa usiku kabla hajaenda kwake kulala. Hakuna aliyeketi. Kila mmoja alisema neno lake: kilichotokea usiku, kilichopungua, kinachokuja leo. Mimi nilipoingia niliona kama ni kupoteza wakati. Kina mama walikuwa tayari kwenye mabenchi, watoto wanalia, na sisi tumesimama tunasikiliza habari za ndoo na funguo. Nikaamua mkutano uwe wa wauguzi peke yao, mara mbili kwa juma. Wale wengine niliona wana kazi zao. Sikuwaeleza kwa nini nimebadilisha. Niliacha tu kuwaita.

Zahanati ile ilikuwa na friji ya chanjo ya zamani. Chanjo, msikilizaji, hazihifadhiwi popote tu. Zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za joto. Zikipata joto sana zinapoteza nguvu, na baadhi yake, kama ile ya pentavalenti tunayomchoma mtoto pajani, zikiganda pia zinaharibika. Kwa hiyo muuguzi anasoma kipimajoto cha friji mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Tulikuwa tukisoma na kuandika bila kukosa. Namba zote zilikuwa nzuri.

Asubuhi moja ya kliniki ya watoto, mwenzangu akachukua kichupa cha chanjo ya polio ya matone, akakitazama, akanyamaza. Kwenye kichupa kuna alama ndogo, duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Mraba ukiiva ukafanana na duara au ukalipita kwa weusi, chanjo hiyo haipewi mtoto. Polio ya matone ndiyo inayoathirika na joto upesi kuliko chanjo nyingine zetu za watoto, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kutoa habari. Mraba ulikuwa umeiva. Tukatoa kingine, na kingine. Vyote vilikuwa hivyo. Na karatasi ya mlangoni inasema nyuzi 6, nyuzi 7, nyuzi 6.

Nilitoka nje nimechanganyikiwa. Mlinzi wa usiku alikuwa pale langoni anafunga kirago chake. Mzee mtulivu, kazi hiyo ameifanya tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamuuliza tu kwa kukata tamaa, "Mzee, usiku kumetokea nini?" Akanijibu taratibu, "Stima, mwanangu. Yapotea saa tano, yarudi alfajiri. Leo usiku wa nne." Nikamwambia, mbona hukusema? Akasema, "Ule mkutano siitwi tena. Nilimwambia mmoja wenu usiku wa kwanza, akanambia hiyo si kazi yangu."

Mnaona, wasikilizaji? Usiku friji ilipata joto, alfajiri stima ikirudi ikapoa tena, na sisi tukifika saa mbili tunaandika nyuzi 6. Kipimajoto hakikudanganya. Tulikuwa tukikisoma saa ambazo mambo ni mazuri. Aliyejua ukweli wa usiku alikuwa mtu mmoja tu, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Siku ile kina mama walirudi nyumbani bila chanjo. Wengine walikuwa wameomba ruhusa kwa matajiri wao, wengine wamelipa nauli ya matatu. Ikabidi pia tupekue daftari tuone watoto waliochanjwa siku zile za katikati, tuwaendee majumbani tuwaombe warudi. Mama mmoja alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema "sawa". Kuanzia kesho yake mkutano ulirudi saa mbili kasorobo, watu wote. Na nilisimama mbele yao nikasema kosa lilikuwa langu. Haikuwa rahisi. Lakini nadhani siku ile ndiyo walianza kuniamini, kwani kabla ya hapo walikuwa wakinitii tu.

(Muziki kidogo, kisha sauti inarudi.)

Sasa, kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kombo. Wakisikia kwamba mawasiliano kazini yawe ya namna moja kila siku, wanafikiri maana yake ni kwamba habari zisibadilike. Haiwezekani. Katika kazi ya afya habari hubadilika kila mara, dawa hubadilishwa, miongozo hubadilishwa. Kinachotakiwa kisibadilike ni njia ya kuzileta, yaani saa ile ile, mtu yule yule, watu wote, na ukweli bila kuupaka rangi. Hili nilijifunza hapa hapa Mji wa Kale, mwaka 2020.

Mnakumbuka mwaka ule. Korona iligunduliwa Kenya mara ya kwanza mwezi Machi. Mwanzoni mwa Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha tarehe 6 Mei, tukiwa ndani ya Ramadhani, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kufungwa kwa mitaa miwili, Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale hapa kwetu. Ilikuwa iwe siku 15, ikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni. Idi ya mwaka ule tuliisherehekea tumefungiwa. Vichochoro vile vya Ndia Kuu ambavyo huwezi kupita bila kupigana bega na mtu, vikawa kimya mchana kutwa.

Sisi wahudumu tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba pamoja na wenzetu wa afya ya jamii wa kujitolea, tukieleza dalili, tukiwaomba watu wakubali kupimwa. Watu wengi walikataa, na ukiwasikiliza vizuri si ugonjwa waliouogopa zaidi, ni karantini. Wengi walikuwa wamesikia kwamba mtu akiwekwa karantini atajilipia mwenyewe, na mwanzoni ilikuwa hivyo. Mwezi ule wa Mei serikali ikasema itagharamia walio katika vituo vya umma. Habari ikabadilika, lakini haikutufikia sote kwa wakati mmoja. Mwenzangu alipita kichochoro kimoja asubuhi akasema ni bure. Mimi nikapita alasiri, nikiulizwa nikajibu kwa habari ya juma lililopita. Bibi mmoja akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akaniambia, "Nyinyi wenyewe hamkubaliani. Mimi nimfuate nani?" Akafunga mlango, polepole, kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Jioni ile, baada ya futari, tulizungumza kwa simu watu wa timu yetu. Hatukuwa na vifaa vipya wala pesa. Tulichokubaliana ni karatasi moja. Kila siku asubuhi kabla ya kutoka, mtu mmoja, na ni yule yule, aandike tarehe juu, na chini yake aandike kilichobadilika tangu jana, kisichobadilika, na kile ambacho bado hatujui. Halafu isomwe kwa sauti mbele ya wote, kila mtu aipige picha kwa simu yake. Ukikutwa na swali ambalo haliko kwenye karatasi, usikisie. Sema sijui, nitakuletea jibu kesho, na kesho uende kweli hata kama jibu ni kwamba bado hatujui.

Ile sehemu ya tatu, ya tusiyoyajua, ndiyo iliyotubishanisha sana. Wengine walisema mhudumu wa afya akisema hajui, watu watamdharau. Tuliona kinyume chake. Chukua suala la barakoa. Mwanzoni kabisa Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa kwa wagonjwa na wanaowahudumia. Kenya ikazifanya lazima kwa wote hadharani mwezi Aprili. Shirika lenyewe likabadilisha ushauri wake tarehe 5 Juni 2020. Mhudumu aliyekuwa amesema kwa kiburi mwezi Machi kwamba barakoa hazina faida kwa asiye mgonjwa, alipata tabu kubwa kurudi kwa watu wale wale. Aliyekuwa amesema "kwa tunavyojua leo", alirudi akasema "tumejua zaidi", na akasikilizwa.

Na sisi kwa sisi pia. Hofu kubwa ya wahudumu wakati ule ilikuwa vifaa vya kujikinga, glovu, barakoa nzito, magauni. Fununu zilikuwa nyingi: vimefichwa ofisini, vimepewa wakubwa, vimeuzwa. Ninamjua msimamizi mmoja ambaye kila asubuhi aliandika kwa chaki ubaoni idadi ya barakoa zilizobaki na lini zinatarajiwa nyingine, au "haijulikani" kama haijulikani. Idadi ilikuwa ikishuka kila siku. Ungedhani watu wangekimbia. Hawakukimbia. Fununu ndizo zilizokoma, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kukisia. Mtu anaweza kuvumilia upungufu anaouona. Asichoweza kuvumilia ni kudhani anafichwa.

Sasa tuingie wodini kidogo, kwenye saa ya kupokezana zamu. Hii ndiyo saa ya hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, kwa sababu aliyechoka anataka kwenda na aliyefika bado akili yake iko njiani. Ripoti mbaya huwa namna hii: "Yule mama wa kitanda cha tatu hali yake si nzuri sana, umwangalie." Umwangalie nini? Si nzuri kivipi? Sikiliza nyingine: "Mama wa kitanda cha tatu anatoka damu nyingi. Amejifungua saa nane usiku, mtoto wa nne, mtoto ni mzima. Amechomwa oksitosini vitengo 10. Mapigo ya moyo ni 120, presha ni 90 kwa 60. Naona bado anapoteza damu. Naomba daktari aitwe sasa hivi, na wewe uanze kukanda mji wa mimba." Imechukua nusu dakika. Imesema kinachotokea, kilichotangulia, mimi naonaje, na nataka nini. Wauguzi wengi wachanga wanakosa kusema hayo mawili ya mwisho kwa sababu wanaogopa kuonekana wanamwamuru mkubwa. Na kama mara ya kwanza aliyotoa maoni alijibiwa "nani amekuuliza?", mara ya pili atanyamaza, na mama atalipa.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali, tena mmoja wake uko kwa jirani zetu Tanzania. Miaka ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 ya kusemwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji, kwenye hospitali 8 duniani. Mojawapo ilikuwa hospitali ya Ifakara, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani anataja jina lake na kazi yake, wanathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, na kila mmoja anasema anachokihofia. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wenye utafiti wenyewe hawakudai kwamba ni orodha peke yake iliyofanya hayo. Na wana haki, kwa sababu mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka hospitali 101 za jimbo la Ontario, Canada, ambako orodha kama hizo zilianza kutumika, na vifo havikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Wengi waliojadili tofauti hiyo walisema karatasi inaweza kujazwa alama bila watu kuzungumza. Mimi naliamini hilo, maana nimeliona. Kuna siku niliona fomu imejazwa yote, hadi sahihi, na mgonjwa bado yuko ujiani.

Kuna mambo mawili zaidi niyaseme kwa wenzangu wasimamizi, kama wananisikiliza.

La kwanza ni habari mbaya. Mshahara ukichelewa, si wewe uliyeuchelewesha, na pengine huna uwezo wowote juu yake. Lakini watu wako wakisikia kwanza kwenye kundi la WhatsApp, na wewe ulikuwa unajua tangu juzi, umewapoteza. Waambie mapema, waambie wote pamoja, waambie unalolijua na mwisho wake. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza tarehe 5 Juni na ukaisha Novemba, karibu miezi mitano. Waliorudi hawakuwa wale walioondoka. Kulikuwa na vituo ambavyo watu walizungumza vizuri tangu mwanzo, waliogoma na wa mikataba walioendelea kufanya kazi, na huko kazi ilirudi upesi. Kwingine nilikuta watu wanapokezana zamu kwa kuandika tu, hawatazamani usoni, hadi mwaka uliofuata. Sihukumu nani alikuwa na haki. Nasema kwamba mgonjwa alilala katikati ya ukimya ule.

La pili ni kukosoa. Nilimwona muuguzi mchanga aliyekosea kipimo cha dawa. Alikuja mwenyewe kusema, mbio, kabla mgonjwa hajadhurika. Alikaripiwa pale pale mbele ya wagonjwa na jamaa zao. Nani alikuja kusema kosa lake tena katika wodi ile? Hakuna. Na usidhani makosa yalikoma. Ukiwa na la kumwambia mtu, mwite kando. Na anayekuja kukiri kosa, jambo la kwanza kumwambia ni ahsante, mengine yafuate. Wengine wataona huku ni kudekeza watu. Waulize ni makosa mangapi wameambiwa mwaka huu na waliokosea wenyewe.

Nawe msikilizaji uliye nyumbani, una nafasi pia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya NHIF tuliyoizoea iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na maswali madirishani yamekuwa mengi: nijisajili vipi, nini kinalipiwa, mzazi wangu aliye kijijini je? Ukipewa majibu mawili yanayopingana katika kituo kimoja, usigombane. Mwambie yule wa pili kwa upole, "Mwenzako pale ameniambia hivi." Mwombe waulizane wao kwanza, mbele yako. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi swali lako ndilo litakalowafanya wakutane. Vituo vya umma pia vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi ndani yake. Uliza nani anakuwakilisha na umpelekee jambo hilo. Na wale wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita majumbani na mikoba yao tangu mpango ule uzinduliwe Septemba 2023, waulizeni kama kituo huwapa habari kabla au baada ya watu mtaani kuzipata. Jibu lake litakuonyesha mengi juu ya kituo hicho.

Yule mlinzi wangu amestaafu sasa. Kabla hajaondoka alituletea daftari dogo la mistari, lile la watoto wa shule, akaliweka kando ya friji. Ameandika kwa kalamu ya risasi tarehe, stima imepotea saa ngapi, imerudi saa ngapi. Aliyempokea anaendelea kuliandika, na linasomwa kila siku saa mbili kasorobo kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi ninaishia hapo kwa leo. Juma lijalo panapo majaaliwa tutazungumza juu ya presha kwa mama mjamzito, na dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki. Kwaherini.